Gari likulinde au likuendeshe? Tulivyochagua kati ya magari matatu Kampala

Miezi michache iliyopita binti wa kaka yangu alinipigia simu akiwa kwenye bondi moja, yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa, pale Nakawa. "Baba mdogo, njoo haraka. Huyu bwana anasema gari hili linajiendesha lenyewe, na mimi sijui nifurahi au nikimbie." Nilipanda boda kutoka Kibuli. Nikamkuta amesimama kati ya magari mawili, ufunguo mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, na muuzaji anamweleza kwa Kiingereza, kikimwishia anahamia Kiganda, aliponiona mimi akaingia Kiswahili.

Magari yenyewe ni haya. La kwanza ni Toyota Corolla Fielder ya 2015. La pili ni Nissan Serena ya 2017. Na lipo la tatu ambalo halikuwa Nakawa: Premio ya 2011 aliyoiacha marehemu kaka yangu. Iko nyumbani Kajjansi chini ya mwembe, haina kamera wala rada, na kuna kijana wa jirani aliyewahi kuendesha teksi ambaye yuko tayari kuajiriwa aiendeshe.

Mnunuzi ni mama wa watoto wawili. Kila asubuhi anatoka Kajjansi, anawashusha watoto shuleni, anaendelea hadi Nakasero kazini. Jioni anarudi amechoka. Mara mbili kwa mwezi anampeleka mama yake, shemeji yangu, kliniki ya presha. Mimi nimeendesha trela kati ya Mombasa na Kampala miaka 22, kwa hiyo nyumbani swali lolote lenye magurudumu huletwa kwangu. Lakini hili lilinichukua wiki tatu za kusoma, kuuliza na kujaribu barabarani, na naandika kwa sababu najua wengi wanasimama pale pale aliposimama yeye.

Kwanza, neno "linajiendesha"

Neno hili limewauzia watu vitu vingi visivyofanana. Chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa mwaka 2014 ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5. Kwenye ngazi ya 0 gari linaweza kukupigia kengele, linaweza hata kukanyaga breki ya dharura, lakini kuendesha ni kazi yako yote. Ngazi ya 1 linakusaidia jambo moja, mwendo au usukani. Ngazi ya 2 linashika vyote viwili kwa pamoja, ila dereva bado ni wewe na macho yako hayana ruhusa ya kutoka barabarani. Ngazi ya 3 gari ndilo linaloendesha katika mazingira maalumu, kisha linakuita ushike likishindwa. Honda ilitoa magari 100 ya namna hiyo huko Japani mwaka 2021, na Mercedes-Benz ikafuata Ujerumani mwaka 2022, tena kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Ngazi ya 4 halihitaji dereva kabisa ndani ya eneo lililopangwa. Ya 5, ya kwenda popote wakati wowote, haipo duniani.

Fielder ile iko ngazi ya 0, lakini ina mlinzi: mfumo ambao Toyota ilianza kuuweka mwaka 2015, wenye kamera na leza kwenye kioo cha mbele. Ukikaribia kuligonga gari la mbele unapigiwa kengele, usiposhtuka breki inashika yenyewe. Ukitoka kwenye mstari, inalia. Basi. Serena ina kile ambacho Nissan ilikianzisha mwaka 2016 kwa jina la ProPILOT. Unabonyeza kitufe cha buluu kwenye usukani, gari linafuata la mbele, linapunguza, linasimama, linaondoka, na kwenye barabara kuu yenye mistari linakaa katikati ya njia yake. Hiyo ni ngazi ya 2. Premio haina lolote.

Kwa hiyo mwuzaji hakusema uongo mkubwa. Alitaja upande mmoja wa mkataba, akaacha ule unaomhusu mtu aliyekaa kwenye kiti.

Tanboi ndiye husinzia kwanza

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu ndipo uamuzi wote ulipo.

Kila dereva wa masafa analijua jambo hili hata kama hajawahi kulisema. Mnatoka Malaba saa nne za usiku. Dereva ana kazi mikononi: gia, kioo cha pembeni, mashimo, taa za anayekuja mbele. Tanboi, yaani utingo wa lori, ana kazi moja tu, kutazama mbele na kumzungumzisha dereva. Mkifika Iganga tanboi kinywa kiko wazi, analala. Harufu ya miwa ya Kakira inaingia dirishani, yeye hasikii. Si mvivu. Mimi nilikuwa tanboi miaka minne kabla sijapewa usukani, na bosi wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga dashibodi kofi kuniamsha. Nilipopewa usukani, barabara ile ile, usiku ule ule, usingizi ulipungua. Mikono ilikuwa imepata kazi.

Baadaye nikajua wataalamu walishalipima. Wakati wa vita vya pili vya dunia jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na shida: watu waliokaa mbele ya skrini za rada wakitafuta nyambizi walikuwa wanazikosa kadiri zamu ilivyoendelea. Norman Mackworth aliwaweka watu mbele ya mshale mfano wa saa unaoruka hatua kwa hatua, na mara chache unaruka hatua mbili. Kazi yao ilikuwa kuona hizo mbili. Matokeo aliyochapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba ndani ya nusu saa ya kwanza tu umakini unaanguka. Na hao walikuwa vijana wa jeshi. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge, naye wa Uingereza, akaandika jambo lililonigusa zaidi: ukiipa mashine kazi, mtu unamwachia kusimamia na kuokoa inaposhindikana, yaani unamwachia sehemu ngumu kuliko zote, na wakati huo huo umemnyang'anya mazoezi ya kila siku ambayo yangemwezesha kuifanya.

Gari la ngazi ya 2 linafanya hivyo hasa. Linakugeuza dereva kuwa tanboi, kisha linategemea kwamba hutasinzia.

Nilitaka kuona mwenyewe. Muuzaji akakubali, tukalipa shilingi 5,000 kwenye geti tukaingia barabara ya kulipia ya Kampala–Entebbe, kilomita 51 za lami nzuri zilizofunguliwa mwaka 2018. Nikabonyeza kitufe cha buluu. Niseme haki: Serena ilifanya sawasawa na ilivyoahidi. Ilishika mstari, ikafuata basi dogo lililokuwa mbele, basi lilipopunguza ikapunguza. Dakika za kwanza nilikuwa makini kama mtu aliyebeba mayai. Baadaye nikajikuta nasoma bango la benki neno kwa neno, mpaka namba ya simu. Nina miaka 22 ya usukani na nilikuwa nimekwenda pale kwa makusudi ya kujichunguza, lakini macho yaliondoka bila kuniaga.

Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakula mita 28 kila sekunde. Sekunde tano za kusoma bango ni mita 140, uwanja wa mpira na ziada. Na mtu aliyeshtuliwa hashiki usukani tu akamaliza: lazima kwanza atambue yuko wapi, kuna nini mbele, gari linafanya nini, ndipo aamue.

Huko Tempe, Arizona, usiku wa Machi 18, 2018, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Ndani alikaa mtu aliyeajiriwa kusimamia mashine. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba vihisio vilimwona mwanamke yule sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, lakini programu ikawa inambadilishia jina, mara kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli. Na msimamizi alikuwa akiangalia simu. Lipo na jingine katika uchunguzi ule ambalo kila mtu wa Kampala anapaswa kulisikia: programu ile haikuwa imefikiriwa kwa mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko. Nenda Kalerwe saa kumi na mbili jioni uniambie nani anatafuta kivuko.

Barabara zetu zina lugha

Kwenye barabara ya kulipia, Serena inaishinda Fielder kwa raha. Mguu unapumzika, mgongo unapumzika. Kwa mtu wa Entebbe anayepita pale kila siku, naelewa anayeitaka.

Toka pale uende Jinja. Njia moja kwenda, moja kurudi, na malori mpaka mwisho wa macho. Uko nyuma ya trela ndani ya msitu wa Mabira, huoni mbele. Dereva wa trela anakuwashia indiketa ya kushoto: pita, njia iko wazi. Akiwasha ya kulia huku haendi popote: kaa hapo hapo, kuna gari linakuja. Usiku anayekuja mbele anakuwashia indiketa ya upande wako kukuonyesha mwisho wa bodi yake. Hakuna kitabu kilichoyaandika haya, na maisha ya watu yanayategemea kila saa. Kamera ya Serena inaona trela, inaona umbali, inapunguza mwendo. Hiyo indiketa haiulizi ina maana gani. Ukiiachia ikuendeshee, unakaa nyuma ya trela kwa utulivu, na siku unapotaka kupita lazima uchukue usukani kwa haraka ukiwa hujaifuatilia barabara kwa dakika kumi. Ni wakati mbaya kuliko wote wa kupokea usukani.

Fika Namawojjolo. Vijana na kina mama wanakuja mbio kwenye dirisha, kuku wa kuchoma kwenye vijiti, gonja, maji, soda. Wengine wanakimbia sambamba na gari ambalo halijasimama. Hapa nilikuta jambo lililoipunguzia Fielder ile alama, na silifichi: mfumo wa Toyota wa 2015 kwenye magari madogo ulitengenezwa kutambua magari, si watu. Kuku na mchuuzi wake ni juu ya macho yako. Breki ya dharura ya Serena inatambua watembea kwa miguu. Toyota iliuboresha mfumo wake miaka ya baadaye ukaanza kutambua na watu, wakati wa mchana. Kwa hiyo mwaka wa gari si pambo la tangazo. Uliza, na mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi ya mnada ya Japani iliyokuja na gari.

Na ng'ombe? Mwaka 2017 Volvo walikiri kule Australia kwamba mfumo wao wa kutambua wanyama, uliofunzwa kwa wanyama wa nchi za baridi, ulichanganywa na kangaruu, kwa sababu akiruka anaonekana yuko mbali, akitua anaonekana yuko karibu. Mimi nikiwaza ng'ombe wa Ankole na pembe zile wakivuka barabara ya Mbarara jioni, vumbi limetanda na mchungaji mtoto yuko nyuma yao, sioni mashine ambayo ningeiachia neno la mwisho.

Mjini kati sina maneno mengi. Kati ya Kisenyi na stendi za teksi, mwendo ni wa mtu wa miguu na kila sentimita inaombwa kwa jicho, kwa kiganja, kwa konda anayepiga bodi kofi mbili. Gari linaloacha nafasi salama mbele yake linajaziwa boda watano. Nilijaribu. Ilisimama, ikasubiri, nyuma yetu wakatupigia honi mpaka binti yangu akacheka machozi. Kitufe tukakizima.

"Gari limesema nini?"

Watu wa Afrika Mashariki wengi wanaijua ile sauti ya kike ya Kijapani inayosema kila ukiwasha gari. Watoto wanaiga. Inalalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijawekwa. Tumezoea kuidharau, na kudharau huko ndiko kunakonitisha, kwa sababu gari linaloonya kwa lugha usiyoielewa linakufundisha kupuuza onyo. Kwenye Serena maandishi yote ya dashibodi yalikuwa ya Kijapani. Kuna alama moja ndogo inayokuambia kwamba gari limeacha kushika usukani, limebaki na mwendo tu. Nilipita karibu dakika nzima nikidhani bado limeshika. Gari halikukosea. Lilikuwa limeniambia, kwa alama yake, na mimi sikusoma. Kutojua mashine iko katika hali gani ni chanzo cha zamani cha maafa hata kwenye ndege, na sisi tunaanza nacho siku ya kwanza, bado tuko getini.

Fielder ina onyo chache. Breki, mstari, taa. Mtu anazimaliza kuzijifunza Jumapili moja.

Jambo la kioo nalo lisikupite. Jirani yangu gari lake lilipigwa jiwe, akabadilishiwa kioo cha mbele na fundi mmoja mzuri wa mikono. Kamera ikarudishwa kwa gundi. Tangu siku ile gari likawa linalia mahali pasipo na kitu, na mara moja likakanyaga breki lenyewe kwenye barabara tupu, boda aliyekuwa nyuma akaokoka kwa kuingia kwenye mtaro. Kamera hizi zinataka kupimishwa upya kila kioo kinapotolewa, na mashine ya kupimia haiko kwenye kila gereji. Kabla ya kulipia gari la namna hii, lolote kati ya hayo mawili, tafuta kwanza fundi mwenye mashine hiyo na umuulize bei. Ukikosa, utakuwa umenunua mlinzi ambaye siku moja atakuwa kipofu na bado anapiga kelele.

Na hata mlinzi mzima ana hatari yake. Miaka ya 1980 kule Munich, Ujerumani, teksi za kampuni moja zilifungwa breki za ABS, zinazozuia tairi zisikwame, nyingine za kampuni ile ile zikaachwa na za kawaida. Ajali hazikupungua. Madereva waliopewa breki bora walianza kukata kona kwa ukali na kumkaribia zaidi wa mbele. Nilimweleza binti yangu hivi: siku utakayosema moyoni "breki itajikanyaga", siku hiyo gari lako limekuwa baya kuliko Premio.

Premio na kijana wa jirani

Huko kwenye nchi za wenzetu gari lisilo na dereva linapambanishwa na mshahara wa dereva, na mshahara ule ni mkubwa. Kwetu hesabu imepinduka. Kamera ni ghali, kijana ni wa bei nafuu, na hili linanisikitisha hata ninapolitumia kama hoja.

Ukimlinganisha na mashine, kijana yule anafanya nini? Anajua mvua ikinyesha Bwaise hapapitiki. Anamshusha mtoto, anambeba begi mpaka mlangoni pa darasa. Anamshika shemeji yangu mkono kwenye ngazi za kliniki. Tairi ikipasuka anabadilisha. Anasalimiana na askari wa trafiki aliyevaa nyeupe, na askari akiinua mkono taa ikiwa kijani, kijana anajua nani mkubwa. Haya yote hayamo kwenye ngazi za SAE.

Lakini nisimfanye malaika. Ripoti ya polisi ya Uganda ya mwaka 2023 ilihesabu watu 4,806 waliokufa barabarani, na magari yaliyowaua yalikuwa mikononi mwa watu, si mashine. Dereva wa kuajiriwa analala saa ngapi? Mwajiri anarudi harusini saa nane za usiku, saa kumi na moja anataka kwenda uwanja wa ndege. Nimeona hayo mara nyingi. Ukimchagua dereva, usingizi wake umekuwa wajibu wako, pamoja na mshahara kwa wakati na simu yake kuwa kwenye droo. Familia isiyoweza kuyatimiza hayo matatu haijapata usalama, imepata mtu wa kumlaumu.

Lisilo na mtu kabisa

Hili halinunuliwi Nakawa, lakini binti yangu aliniuliza na jibu linastahili. Waymo, iliyotokana na mradi wa Google wa mwaka 2009, inabeba abiria Phoenix na San Francisco bila mtu kwenye usukani. Mwaka 2015 huko Austin, Steve Mahan, asiyeona, alikaa peke yake ndani ya gari la Google, gari halina hata usukani, akapelekwa. Nikimfikiria mzee mmoja asiyeona hapa Kibuli, ambaye kila safari yake inategemea huruma ya mwenye boda na kama amemwambia njia ya kweli, siwezi kuibeza siku ile.

Naweka pembeni yake San Francisco, Oktoba 2, 2023. Gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke, likamtupa mbele ya gari la Cruise lisilo na dereva. Lile la Cruise likasimama, kisha likajisogeza pembeni ya barabara kama lilivyofundishwa, huku likimburuta karibu mita 6. Jimbo la California likaisimamishia kampuni kibali mwezi ule ule. Kampala, mtu akiwa chini ya gari, mtaa mzima unapiga kelele na kupiga bodi. Dereva anasikia. Ile kelele ni breki ya umma, na gari lisilo na masikio ya namna hiyo linataka mtaa mwingine, siyo wetu.

Malori ndiyo yananikesha. Mwaka 2025 kampuni ya Aurora ilianza kupeleka mizigo kati ya Dallas na Houston bila dereva kwenye kiti. Wiki chache baadaye ikamrudisha mtu kitini akae tu atazame, kwa ombi la kampuni iliyotengeneza lori. Tanboi tena. Mwaka 2024 kule Wuhan, Uchina, madereva wa teksi walilalamika kwamba magari yasiyo na dereva yanawanyang'anya riziki. Sasa chukua Malaba. Foleni ya malori pale ni mji: mama anayepika chai ya maziwa saa tisa usiku, mbadilisha fedha, mwenye lojingi, kijana wa kuziba tairi. Boda zenyewe zilizaliwa mpakani kule Busia, mtu akivushwa na baiskeli toka upande mmoja hadi mwingine. Lori lisilokula wala kulala litapita pale bila kusimama. Nimezika wenzangu wanne waliolala kwenye usukani, kwa hiyo sisemi lisije kamwe. Ninalosema ni kwamba anayepanga kulileta aje kwanza anywe chai pale Malaba, aulize nani atakuwa anakunywa baada yake.

Tulichochagua

Binti yangu ana akili. Akaniuliza: "Baba mdogo, kwa nini nisinunue Serena, inayotambua watu, halafu nisikiguse kitufe cha buluu?" Ni hoja nzuri na kwa mtu mwingine ningeikubali. Nikamuuliza ni saa ngapi anadhani atakitamani kile kitufe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Jioni, nikiwa nimechoka." Saa hiyo hiyo ambayo macho hayawezi tena kazi ya tanboi.

Tuliiacha ile Fielder ya 2015 pia. Tukaagiza nyingine ya miaka ya baadaye, yenye mfumo unaotambua na watembea kwa miguu, na tukasubiri meli. Premio iliuzwa kuongezea, na kijana wa jirani anakuja siku mbili za kliniki kwa malipo ya siku, anamwendesha shemeji yangu kwa Fielder ile ile, akiwa amelala usiku mzima.

Ungekuwa wewe unatembea Entebbe na kurudi kila siku kwa barabara ya kulipia, unasoma Kijapani cha dashibodi au umebadilishiwa lugha, na una nidhamu ya kuzima kitufe kabla ya kutoka getini, ningekuambia Serena bila kusita. Kama huendeshi mwenyewe na unaweza kumlipa mtu vizuri, baki na gari la kawaida uweke fedha kwenye tairi na breki. Kama unaendesha mwenyewe, umechoka, na barabara zako ni hizi za kwetu, chukua gari ambalo mikono yako haipumziki na mlinzi yuko kimya mpaka siku ya hatari.

Jumapili gari lilipofika tuliegesha chini ya mwembe, milango wazi, mimi na yeye na mjukuu wangu wa miaka tisa. Tulilifanya lilie kila mlio lilionao, mmoja mmoja. Mtoto akaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya plasta na kubandika pembeni ya kila taa ya onyo: GARI LA MBELE. UMETOKA MSTARI. KAMERA HAIONI. Ile sauti ya kike ilipoanza kulalamika kuhusu kadi yake, akauliza kama nayo aiandikie. Mama yake akamwambia aiandikie: KADI YA JAPANI, HII TU NDIYO TUNAIPUUZA.